Mwosha, Toleo la Nne

Katika mchezo wetu kila mhusika ana fani:
askari, mwizi, mchawi, mpiga zumari.
Ya kwangu niliianza nyuma ya risiti za duka la vitambaa,
Langoni, umeme umekatika, simu nimeibana kwa meno ikawa tochi:
Mwosha. Uhai, kumi na mbili. Silaha, hana.
Akimmwagia maji aliyeanguka, aliyeanguka huinuka mzima.

Jumamosi tukaipeleka darini kwa kina Khuleta,
dadu ya pande ishirini ikizunguka ndani ya sinia la biskuti
kwa sababu meza ina mguu mfupi.
Famau alikufa mara saba kabla ya isha.
Mara saba nikammwagia, mara saba akacheka,
akamwendea joka la vichwa tisa kama mtu aendaye kununua mkate.
Ya nane, Lali msimamizi akafunga daftari.
"Hapa hakuna mchezo," akasema. "Hapa pana bomba la maji."

Toleo la pili nikampunguza.
Mara moja kwa siku. Nusu ya uhai. Asiwe mbali zaidi ya hatua tatu.
Nikampunguza kama mpishi aliyezidisha chumvi
anavyoongeza maji hadi mchuzi unasahau jina lake.
Twaha alimchukua jioni moja tu,
akakaa kando na viazi karai, akisubiri mtu afe.

Toleo la tatu silisemi. Lilikuwa na majedwali.

Mizani, wananiambia, tafuta mizani,
kana kwamba fani ni kilo ya sukari,
upande huu ukishuka utie punje upande ule.

Ndipo nikamkumbuka shangazi Mwanakheri,
miaka thelathini akiosha wanawake wa Mkomani,
akigongewa mlango usiku, mara mbili, taratibu,
naye hakuuliza nani.
Nilikuwa na miaka kumi na saba aliponiita ndani:
"Ndoo ushike kata. Mai hayana haraka."
Kulia kwanza, kisha kushoto. Idadi iwe witiri.
Na lililoonekana humu, humu hubaki.
Akirudi alinukia mkunazi,
na majirani wengine hawakupenda kula kwetu.

Mwaka jana tulimwosha yeye.
Tulikuwa wanne. Kata niliishika mimi.

Mwosha huoshwa. Tangu utotoni naisikia
nikidhani ni kitisho.
Kumbe ni kanuni ya mchezo.

Basi, toleo la nne:
Mwosha hurusha dadu. Witiri, aliyeanguka ainuke.
Shufwa, maji yamekwenda bure.
Akiinuka mtu, theluthi ya jeraha lake humhamia Mwosha.
Mwosha huambiwa sikioni wazo la mwisho la aliyeanguka
na halitamki, hata mchezo ukiisha, hata njiani kurudi nyumbani.
Mwosha hawezi kujiosha.
Akianguka yeye, kila aliye mezani atoe katika uhai wake
kiasi apendacho, akiandike, asimwonyeshe mwenzake.
Isipotimia kumi na mbili, amekwenda.
(Dua nimezifuta. Kafuri nimeifuta.
Kuna vitu si vya sinia la biskuti.)

Juzi tukaijaribu. Nikaanguka ngazi ya sita,
pangoni, jeraha la Twaha likiwa begani mwangu.
Lali akakusanya vikaratasi kwenye kofia yake.
Twaha, moja. Khuleta, tatu.
Famau, ahesabuye hata njugu anapogawiwa,
alikuwa amebakiwa na tisa.
Aliandika nane.

Lali akakisoma kile kikaratasi mara mbili.
Kichochoroni punda akalia, na hakuna aliyemwiga.
"Kanuni hiyo ya mwisho," akasema baadaye,
akitafuta kalamu, "ina nguvu kupita kiasi."

Nimeiwekea alama ya kuuliza pembeni.
Sijaipunguza.