Tundu la Asaheli

Paa hili halikuezekwa kwa ajili yako.
Wageni husimama chini yake na kamera zao, wakisema
wazee wa Vermont walikuwa na huruma, walimsitiri msafiri.
Mimi karani wa kijiji, mwenye ufunguo wa kabati la kumbukumbu,
nawaacha waseme.
Paa ni la mbao.
Boriti inayonyeshewa huishi miaka kumi;
iliyositiriwa humzika fundi wake, na mjukuu wa fundi.

Asaheli Pruitt alilijenga mwaka wa sabini na moja, karne ya juzi,
kwa misonobari ya mlima wa nyuma
na vigingi vya mwaloni alivyovichovya katika mafuta ya kitani.
Hakuna msumari mbavuni mwake.
Mbavu zimepishana kama ukili mkononi mwa msusi.
Alilipwa kwa awamu tatu. Ya tatu haikufika.
Deni bado limo daftarini: dola arobaini,
wino umegeuka rangi ya chai.

Na kila majira ya baridi kijiji kilimwajiri mtu
kuingiza theluji darajani.
Ndiyo, kuingiza. Sleji za magogo haziendi juu ya mbao kavu,
basi Ephraim Tuttle aliamka alfajiri na sepetu lake,
akatandaza ndani kile ambacho paa limekizuia nje,
senti hamsini kwa siku,
masharubu yameganda kama ufagio.

Mafuriko yalichukua kinu,
yakachukua ng'ombe kumi na mmoja wa akina Thibodeau.
Daraja likajiinamia kidogo upande wa mashariki,
likabaki.
Kisha likaja lori la maziwa, dereva hasomi vibao.

Machi iliyopita tulipiga kura ukumbini
katikati ya harufu ya kahawa na soksi mbichi.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa;
ila aliyesema hivyo hakusema uzibwe kwa fedha za nani.
Delphine Rowell akasimama, koti bado limefungwa vifungo:
"Gari la zimamoto halipiti mle. Lilizunguka maili tisa.
Mama yangu aliungua kwa ajili ya uzuri wenu.
Nataka zege."
Hakuna aliyemjibu.
Sikukiandika kimya kile; daftari halina safu yake.
Sitini na moja kwa hamsini na nane: daraja litengenezwe.
Mimi ni mmoja wa wale sitini na moja, na sijalala vizuri tangu siku ile.

Akaja Wendeline Gauthier, fundi, miaka thelathini na minne,
mwenye kidole kimoja pungufu.
Akaliinua kwa jeki, unywele kwa unywele, wiki tatu,
kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.
Mbavu kumi na saba zilikuwa zimeoza.
Katika ya tisa akakuta tundu
limetobolewa mahali pasipo kazi, likazibwa kwa kigingi,
na pembeni, kwa penseli:
*kosa langu. A.P.*

Mhandisi wa jimbo akasema ubavu mpya hauhitaji tundu hilo.
Wendeline akaitikia kwa kichwa,
akasubiri gari lake lipotee kwenye kona,
akatoboa palepale, akaziba palepale.
Nilimuuliza sababu. Akapuliza vumbi la mbao.
"Kwingine kote naona daraja," akasema.
"Hapa namwona mtu."

Ubavu wa zamani uko ofisini kwangu, umeegemea ukuta,
unanusa mto.
Dola arobaini nimeziweka kwenye ajenda ya Machi ijayo,
kipengele cha sita, baada ya mbwa wasio na leseni.
Sijui atalipwa nani.

Delphine alivuka Jumapili, wa kwanza.
Alikwenda mwendo wa farasi atembeaye, kama kibao kinavyoagiza,
vioo vimepandishwa, mikono yote miwili usukani.
Mbao mpya zikanguruma chini yake moja baada ya moja.
Nilimpungia mkono.
Hakunipungia.