Kitako cha Debe

Debe la baba lilikuwa na siri kitakoni:
bonde dogo, la kuenea ngumi ya mtoto,
lililobonyezwa kwa nyundo usiku
juu ya gunia, sauti isitoke.
Ukilitazama ni debe.
Ukilijaza ni debe kasoro vikombe viwili.
Vikombe viwili vya mawese, mara madebe arobaini,
mara kila siku ya soko Mwandiga:
hesabu hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Na baba hakuwa mtu wa kusali kwa kujionyesha.
Alfajiri yeye wa kwanza kuvunja baridi ya birika.
Jioni alitufundisha chuoni, pale Ujiji, kifimbo mkononi,
neno lile kuhusu wapunjao vipimo.
Tulilikariri kwa kuyumba,
mimi nikimtazama kucha:
bado nyekundu kwa mawese.

Upande wa pili wa soko, Filimoni Buhungu, katekista,
alipima dagaa kwa kopo
lenye boksi lililokunjwa chini.
Jumapili alisoma somo, watoto wachanga wakanyamaza.
Sisemi haya niwacheke.
Wote wawili walilia wakisali. Nimewaona.

Bi Bukuru alishuka kutoka Kalinzi, mafuta kichwani.
Hakuwa wa msikiti wala wa kanisa.
Ukimwuliza dini yake, atajibu,
"Nina ng'ombe mmoja na wajukuu sita."
Akipima alijaza mpaka yakafurika,
kisha akaongeza kijiko. "Cha njia," asema,
"chombo nacho hunywa."

Nilimwuliza nani kamfundisha.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
nani kamfundisha kupiga chafya.
"Mama angeniona."
Mama yake alikuwa kaburini kabla sijazaliwa.

Mwaka moto ulipopita kwenye michikichi yake
alikuja kununua kwetu.
Akalipokea debe, akapitisha kiganja chini,
taratibu, kama mkunga anayepapasa tumbo.
Kiganja kikafika bondeni. Kikakaa.
Akalipa bei yote.
"Asante, mwalimu."

Usiku ule baba alirefusha sijida.
Halafu nyundo. Safari hii bila gunia;
mtaa mzima uliisikia.

Sasa niambieni, ninyi mnaobishana kwenye kahawa ya Kitenge
kama dini ndiyo kalibu ya utu, ama ni kioo chake tu:
nani alilinyoosha debe?
Neno alilolibeba miaka thelathini bila kumchoma?
Kiganja?
Lakini kiganja kingemchoma vipi
kama neno halikuwa limelala humo,
kaa la moto chini ya majivu?
Na neno lenyewe, lilimjuaje baba?
Akatazaye kupunja
ameshaona kitako kilichobonyezwa.
Kuna mtu aliona haya
kabla wino haujakoroga maji.

Filimoni hakulitoa boksi lake.
Alizikwa kwa kwaya mbili.
Neno alikuwa nalo, na viganja vilipita.

Najua mnataka nimalizie kwa Bi Bukuru, awe mshindi.
Bi Bukuru huyohuyo
alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo ya ziwa
na hakulitaja jina lake tena,
hata msiba ulipovuka maji kumfikia.
Alikuwa anapima mafuta. Akaendelea kupima.
Mama yake, siku hiyo, alikuwa anaangalia wapi?

Debe ninalo mimi.
Kitako kimenyooka, ila si sana; bati hukumbuka.
Ukiweka taa ndani gizani
utaona alama za nyundo ya kwanza na za nyundo ya pili,
na hutajua zipi ni zipi.
Ndiyo maana nimeyaandika haya bila vina wala mizani,
nisije nikabonyeza neno ili lienee.

Nikipima naongeza kijiko.
Wateja huuliza cha nini.
Nawaambia cha njia.