Dirisha la Kadi

Uliletwa Ngara umefungwa kwa gazeti,
mchoro wa penseli na rangi ya maji,
karatasi imeota madoa ya uzee kama mikono ya nyanya.
Mteja alitaka fremu tu, nyeusi, ya bei nafuu.
"Na kioo kisichong'aa, Bi Kerubo. Narudi Ijumaa."

Nikauinua dirishani. Mvua ya Aprili ilikuwa na kijivu kilekile
alichokichovya yule mchoraji wa mbali:
msichana anakimbia, na mbio zinamwishia miguuni.
Kidole gumba tayari ni mzizi.
Vya mkono vimechipua. Nywele, majani.
Mdomo bado uko wazi;
gome limefika shingoni.

Mutheu akaacha msasa.
"Anamkimbia nani?"
Nikamwonyesha: mungu wa Kigiriki,
kijana mzuri, mashavu laini,
pumzi zake kisogoni mwa mtoto wa watu.
"Akamwita babake, mto. Mto ukamgeuza mti."

Akacheka kile kicheko chake cha pembeni.
"Huu wetu hapa nyuma ya duka
hauwezi kumwokoa hata chura."
Kisha hakucheka.
"Na mbona asigeuzwe yule mwanamume?"

Upande wa Kirinyaga mafundi waligonga mabati.
Nilijifanya sikusikia.

Alhamisi nikatoa lenzi.
Kila kitu kilipitiwa brashi, ukungu wa bonde,
kivuli cha kwapa, hata kokoto,
ila mkono wa mungu. Huo aliuacha penseli tupu,
mstari uliochorwa, ukafutwa, ukachorwa,
kana kwamba naye alisita.
Ufutio ulikuwa mezani. Nakiri, niliushika.
Lakini kazi ya mtu haifutwi.

Nikachukua kisu na kadi ya rangi ya maziwa.
Nikapima mara tatu. Mutheu alishika rula,
hakuuliza kwa nini dirisha limesogea kulia.

Ijumaa mteja akainamisha kichwa.
"Kama palikuwa na mtu hapa nyuma."
"Yupo," nikasema. "Chini ya kadi."
Akatazama kitambo, akalipa,
akapanda na njia ya makumbusho, fremu kwapani.

Sijui kama nilimsaidia.
Gome lilikuwa palepale, shingoni.
Kile kipande cha kadi kilichotoka katikati
Mutheu anawekea kikombe chake cha chai,
na kila siku kinaota duara jipya.