Ndani ya Jalada

Bristol, Februari. Mvua ya hapa haina haraka,
inanyesha kama bahili anayehesabu senti.
Mezani pangu kimelazwa kitabu cha hesabu,
ngozi ya ndama, mgongo umekatika:
mali ya Josias Withycombe, muuza sukari,
mwaka elfu moja mia saba tisini na nne.

Kazi yangu si kusoma. Kazi yangu ni kutibu:
brashi, maji ya vuguvugu, kisu butu,
subira.
Lakini jalada la kushoto lilivimba
kama shavu la mwenye jino bovu,
na nilipolilowesha, gundi ya unga wa ngano
ikarudi kuwa uji,
likafunguka tabaka kwa tabaka,
na kila tabaka lina maandishi.

Wajalidi wa zamani walibana matumizi.
Walibandika karatasi taka, hii juu ya hii,
mpaka zikakakamaa kama ubao.
Taka gani hizi, basi?
Niliinua ya kwanza nikiwa nimebana pumzi:
mfalme hakushushwa na mbingu,
ni mwajiriwa, na mwajiriwa huachishwa kazi.
Ya pili: serikali ni mapatano,
na asiyeulizwa hajapatana na yeyote.
Ya tatu ilichanika katikati ya neno haki.

Wanafalsafa wa Paris, wa Geneva, wa Edinburgh,
na mawigi yao ya poda,
wamelala humu kifudifudi,
wamegeuzwa kitu kigumu
cha kuegemeza kiwiko tajiri anapopiga hesabu.

Na ndani? Kwa mwandiko mzuri, mzuri mno:
Juba, miaka kumi na minne, pauni arobaini.
Phibba na mtoto, pauni sitini na tano.
Quaco, mguu mmoja, bure.

Nilikwenda kunawa mikono. Haikuwa michafu.

Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba dawa nayo
huenda imeshonewa humo humo kwenye bitana,
nawe unaivaa mpaka unazikwa.

Kwenye gundi umenasa unywele mmoja mwekundu
na alama ya kidole gumba, kidogo.
Daftari la mishahara la karakana linamtaja
Keturah Bessell, mshonaji, shilingi nne kwa wiki.
Je, aliziokota sakafuni kwa kuwa zilikuwa karibu?
Au mwaka ule wa upekuzi
alijua kitabu kimoja mjini
ambacho hakuna hakimu angethubutu kukipasua?
Sijui. Nimeshinda wiki tatu na unywele huo.

Walioandika, waliandika mwanamume:
kila mwanamume huzaliwa huru.
Keturah hakuwamo.
Juba alikuwa mwanamume, naye hakuwamo.
Nikajaribu kwa Kiswahili, chini chini:
kila mtu.
Ikatoka laini, nikajisifu kidogo.
Kisha nikakumbuka lugha hii hii ina mtumwa,
ngeli ile ile, viambishi vile vile,
na nyumba ya Pangani alikozaliwa nyanya ya bibi yangu
ilikuwa na wawili waliochota maji,
ambao hata bei yao haikuandikwa.
Sikujisifu tena.

Bi Treweek, msimamizi, ameleta visanduku viwili.
Kimoja kina kibandiko cha Biashara,
kingine cha Fikra.
Anauliza nitagawaje.
Nimemwita chini ya taa.
Unyevu wa miaka ulipenya,
wino wa orodha ukahamia kwenye chapa,
na juu ya sentensi ile ya kuzaliwa huru,
kinyumenyume, kama kwenye kioo,
linasomeka jina: Juba.

Sina maji ya kutenganisha hayo, nimemwambia.
Lete kisanduku kimoja.
Kikubwa.