Spika Ilipokufa

Klabu ya reli, Tabora. Ukuta wa chokaa ndio skrini.
Wamarekani walituletea mikanda ya televisheni ya kwao,
na dakika ya pili haijaisha, spika ikafa.

Bwana mwenye tai ya kipepeo akabaki anapiga soga,
meno tu.
Mgeni wake kakunja nne, anacheka jambo tusilolijua.
Tungeondoka,
lakini Kalunde, karani wa mizigo, akasimama kando ya mwanga:
"Anamuuliza, umekula? Anajibu,
nimekula, ila ugali wenu unanibana tai."
Tukacheka hadi fundi akasahau koleo mdomoni.

Ndipo akatokea mwimbaji, mweusi kama sisi,
gauni linametameta, nyuma yake matarumbeta kumi.
Akafumba macho. Akafungua kinywa.
Sote tukamgeukia Kalunde.

Kalunde kimya.

Tukasikia garimoshi la Mpanda likivuta pumzi,
nondo wakijigonga kwenye taa,
mtu nyuma yangu akimeza mate.

Juzi nilimweleza mjukuu lile gauni,
akautafuta wimbo kwenye simu, akaupata.
Sauti nzuri, sikatai.
Ila mle ndani hamna garimoshi.