Mofa

Ilianza kwenye kilima cha Limbani,
boflo mia na ishirini nyuma yangu, alfajiri bado mbichi.
Honda ikakohoa kikohozi cha pumu, ikasimama.
Petroli ilikuwemo.
Plagi niliibadilisha mfungo saba.
Nikashuka, nikasukuma,
mikate ikipoa mgongoni mwangu mmoja mmoja.

Asaa Mbarouk, fundi wa Konde, hakuuliza kitu.
Aliinama akafungua kisanduku,
skrubu tatu, ya nne siku nyingi ilishakuwa waya,
akatoa kitu nisichokitambua kuwa changu.
"Hii filta," akasema, "au mofa?"

Juu jekundu: hilo la Kiuyu, nikalijua.
Chini yake jeupe, chokaa ya Micheweni.
Katikati bawa la nzi, unga wa ngano,
konyo moja la karafuu limelala chali.
"Na hapa," akabonyeza kwa ukucha,
"ni ule mwezi uliosema huna nafasi."

Nilisema hivyo miezi minne.

Na kuna jambo sikumwambia.
Mwaka juzi nilipanda wiki mbili bila filta kabisa.
Honda iliruka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba,
kilima cha Limbani nikakipanda na gea ya tatu,
nikaona nimegundua kitu mafundi wanatuficha.
Kumbe inalamba udongo
kama mtoto mwenye safura,
na mie mzazi nasimama namshangilia anavyokula.
Ule moshi wa buluu unaonifuata mpaka leo
ndio ushahidi. Asaa ameuona. Kanisitiri.

Filta mpya Wete hamna, Chake hamna.
"Jumanne, meli ikija."
Lakini tumbo la mtu halingoji Jumanne.

Nikarudi nyumbani, nikamimina mafuta ya taa kwenye beseni,
nikalishika lile sponji kwa mikono miwili
nilisokote kama khanga iliyotoka majini.
"Wee! Acha!"
Bikombo yuko jikoni, kifumbu mkononi,
tui linamchuruzika hadi kiwikoni.
"Mbona wewe unasokota?" nikamuuliza. "Si chujio na hicho?"
"Hiki kimesukwa. Hilo ni pumzi tupu.
Bana, achia. Bana, achia.
Kama unampapasa mtoto mwenye mafua kifuani."

Basi nikabana, nikaachia.
Beseni la kwanza likawa kahawa.
La pili, chai ya maziwa.
Kisha sabuni ya mche, kisha maji ya kisima,
na la tano nikauona uso wangu ndani,
umechoka kuliko nilivyodhani.

Juani haliwekwi, hukakamaa.
Tukalilaza barazani, kando ya karafuu
zilizoingizwa ndani kukwepa wingu.
Mwanangu Time akalitazama kwa muda.
"Baba, na hili tutalipeleka kituoni likapimwe?"
Mama yake akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni, oili. Kidogo: sponji kavu
ni mlango uliorudishwa bila komeo.
Nikalibana hadi likawa na unyevu kote,
nikalirudisha, nikapitisha kidole ukingoni
hewa isije ikaiba njia ya ubavuni.
Skrubu tatu. Waya.
Nikapiga kiki.

Sitasema ilikuwa mpya. Moshi wa buluu ungali hapo,
hilo deni halifuliwi.
Lakini Limbani ilipanda, gea ya pili, bila kukohoa,
na kwa maili ya kwanza,
naapa, ilikuwa inanukia karafuu.

Jumanne meli imekuja. Filta mpya ninayo,
imo kwenye nailoni yake, juu ya kabati.
Sijaifungua.
Kila Ijumaa kabla ya sala nalitoa lile kuukuu,
bana, achia,
na beseni natumia langu mwenyewe.
La Bikombo lilinuka mafuta ya taa siku tisa,
na siku zote tisa
wali wa nazi nilikula kwa jirani.