Wamepoa?

Alikuja Jumanne, cherehani yangu imekata mkanda,
mwanamke mrefu, uso wa madoa kama yai la kware,
mkononi bomba la plastiki
na ndani ya bomba karatasi ndefu kuliko meza yangu ya kukatia.
Akaitandaza juu ya gauni la mteja.
"Huu," akasema, kwa Kiswahili cha kujifunza usiku, "ni mti."

Nikautazama. Mizizi juu, matawi chini,
majina yamejipanga kama siafu,
na pembeni tawi moja limekatika:
Jon Makrei, fundi mitambo. Tanganyika.
Baada ya 1936, hakuna.

Hakuna. Neno hilo Ngamiani tunalisema kwa sukari,
kwa umeme, kwa chenji.
Hatulisemi kwa mtu.

Siku tatu alikuwa akizunguka. Makaburi ya Wazungu
ameyasugua jiwe kwa jiwe kwa mswaki,
akapata Wajerumani, Wagiriki wa mkonge, mtoto wa padri,
watu wa watu.
Pongwe alionyeshwa korona iliyoliwa na kutu,
na mlinzi, bila kuinuka, akamwambia:
kamuulize fundi nguo wa Barabara ya Kumi na Nne,
mjukuu wa Binti Makirei.

Makirei! Miaka hamsini na mbili naitwa kwa jina hilo
nikidhani limetoka Upareni.
Shuleni waliniuliza, ukoo gani huo?
Nikajibu kama alivyojibu mama: wa mbali kidogo.

Nikamkalisha. Nikampikia uji
wa nyumba yetu, wa chumvi,
ambao majirani huuonja mara moja na kusema ahsante.
Mwiko huzunguka kulia; kushoto ni mwiko.
Kwa nini, bibi hakusema. Alisimama dirishani na bakuli lake,
hakuwahi kuunywa amekaa,
na kabla ya kutia mdomoni aliuliza: "Wamepoa?"
Wamepoa, si umepoa. Uji kama watu.
Tulimcheka hadi tukamzoea, tukamzoea hadi tukaiga.

Basi ulimi ukateleza, nikamuuliza mgeni:
"Wamepoa?"

Kijiko kikasimama.
Akasema babu yake, kule Uskoti kwenye mvua isiyokatika,
aliusema uji hivyohivyo: wao.
Kasimama. Kwa chumvi.
Akacheka, akafuta pua kwa pindo la gauni la mteja,
nami sikumkataza.

"Binti Makirei alikuwa na ndugu?"
Kaka mmoja. Dankani.
Shuleni wakamwita Danganya, kila wiki akapigana,
akafa Bombo kwa homa kabla sijazaliwa.

Akaweka kidole kwenye mti, tawi la kushoto:
mtoto wa miaka minne aliyeachwa bandarini Glasgow
ameshika kanzu ya mama yake.
Dankani. Ndiye babu wa uji.

Hapo sikuwa na la kusema.
Mtu ana mwana kule, amwita Dankani,
azaa huku, amwita Dankani.
Ni kukumbuka? Au ni kiraka
cha kitambaa kilekile, ili mshono usionekane?
Mimi ni fundi. Nimetia viraka tangu ujana
na sijui kiraka huiambia nini nguo.

Alasiri tukaenda Pongwe kwa baiskeli mbili za kuazima.
Alisilimu, nikamwambia, akaitwa Yahya, akazikwa kwetu,
na ukoo wetu hauandiki jiwe.
"Lipi?" akauliza, mswaki mkononi.
Mojawapo.
Akayatazama matuta yote, polepole, kama anayehesabu chenji,
kisha akaurudisha mswaki mkobani.

Waja leo waondoka leo, ndivyo isemwavyo Tanga.
Yeye aliondoka Ijumaa. Mti aliniachia nakala.
Palipokuwa na hakuna ameandika kwa penseli:
bibi, Dankani wa pili, mama, mimi,
na jina langu amelikosea herufi.

Sijalisahihisha.
Nimechukua futi yangu tu, nikapima
toka Dankani hadi Dankani:
inchi mbili na robo.